Shati la Kaki Mlangoni

Tarehe tisa Agosti palipambazuka na mawingu mazito yasiyo na nia ya kunyesha, na upepo ukisukuma vumbi hadi vyumbani. Mama Cherehani alipangusa kizingiti cha duka lake, akamwamkia jirani yake muuza mkaa. Muuza mkaa akageukia magunia. Tangu mjane huyu akubali kushona sare za kaki za walinzi wa shamba kubwa, salamu zilikuwa zimemwadimikia mtaani.

Shamba hilo lilikuwa ardhi ya babu za wenyeji. Waliambiwa linachukuliwa kwa muda tu, kisha ikaja seng'enge, na makaburi yakabaki ndani. Wenyeji walisukumwa kwenye mawe, penye zahanati yenye mlango mpya isiyo na dawa. Kila walipokwenda ofisi ya ardhi waliambiwa njoo kesho, mpaka waliotumwa kulalamika wakazeeka. Juma hilo uvumilivu uliwaishia. Waliivamia ofisi, wakawatoa makarani, wakakaa humo na kusema hawatoki mpaka ardhi irudi.

Kiongozi wao alikuwa mchoma matofali, mdogo wa marehemu mume wa Mama Cherehani. Asubuhi hiyo alisimama mbele ya duka na kundi lake nyuma.

"Shemeji," alisema, "ukimaliza kuwavika mbwa, tushonee na sisi sanda. Vipimo vyetu unavyo."

Watu walicheka. Mama Cherehani hakuinua macho kwenye sindano.

"Sanda haina vipimo, shemeji. Hata mdomo wako utaenea."

Mchoma matofali alitema mate chini, akavuka barabara kwenda ofisini. Yeye akaendelea kukanyaga cherehani, ingawa uzi ulikatika mara mbili. Angekula nini? Nguo za majirani zilikuwa za sikukuu na misiba. Za shamba zilikuwa za kila mwezi.

Alikuwa na desturi moja ya kazi ambayo mtaa mzima uliijua. Nguo iliyokwisha aliitundika nje, kwenye msumari wa mlango, bila jina wala alama. Hapakuwa na haja. Bega lililoshuka, kiuno kilichopotea, tumbo lililotangulia, vyote vilionekana kwenye nguo, na watu walipita wakitaniana kwamba fulani ananing'inia pale. Aliyeuliza shati ni la nani alijibiwa, "Mwenyewe akija atalichukua." Mashati ya walinzi peke yake ndiyo hakuyatundika. Aliyafunga guniani.

Na miongoni mwa hayo lilikuwamo shati moja alilolishona amefunga mlango. Lilikuwa la mkwewe, mume wa binti yake wa pekee. Mkono wake wa kulia ulivunjika zamani ukaunga vibaya, haunyooki, kwa hiyo mkono huo wa shati ulikuwa mfupi na umekunjwa mshono kwenye kiwiko. Mkwe alikuwa amewaambia watu anakwenda kuponda kokoto mbali. Alimsihi mama mkwe asiseme, kwa ajili ya binti, na kwa ajili ya binti hakusema.

Adhuhuri walinzi walifika na marungu, nyuso zimefungwa vitambaa. Duka lilitazamana na ofisi, kwa hiyo aliona yote. Watu walikokotwa nje kama magunia. Mchoma matofali alikuwa ameshaanguka, mikono kichwani, mlinzi mmoja alipomwinamia na kumpiga, akampiga tena, na tena. Mkono ule ulipanda na kushuka bila kunyooka. Mama Cherehani hakuhitaji kuona uso.

Majirani walimbeba shemeji yake hadi zahanati, akalazwa sakafuni. Fununu zilisema mpigaji ni mtu wa kuja, maana mzawa hawezi. Walinzi walipoondoka, walionusurika walirudi ofisini wakajifungia.

Jioni mkwe aliingia kwa mlango wa nyuma, akamtupia shati mezani. Mkono ulikuwa umechanika, kifua kina damu isiyo yake.

"Mama, nishonee hili. Kesho tunawatoa waliobaki."

"Ulimwona uliyempiga?"

"Nilimwona."

"Ni baba yako mkwe mdogo."

"Ni mtu aliyekataa kutoka." Alicheka kidogo, bila furaha. "Usinitolee macho. Hao unaowalilia hata salamu hawakupi. Unga ulioko jikoni kwako umetoka wapi? Wewe umeshona, mimi nimevaa. Tuko shimo moja."

Alitaka kumwambia kwamba si kweli, lakini ilikuwa kweli.

"Liache hapo," alisema.

Asubuhi iliyofuata alifungua duka kabla ya muuza mkaa. Hakulishona lile shati, wala hakulifua. Alilikung'uta, akalitundika kwenye msumari wa mlango, mkono mfupi ukielekea barabarani. Mke wa mchoma matofali, akitoka zahanati, alikuwa wa kwanza kusimama. Aliutazama mkono ule, akaweka ndoo chini. Muuza mkaa akasogea. Wengine wakasogea.

Binti yake alikuja mbio, kanga inamponyoka.

"Mama, liondoe. Watamuua."

Mama Cherehani alivuta kigoda, akaketi chini ya shati.

"Mwenyewe akija atalichukua," alisema.