Waridi la Bibi Jedida

Jedida, Mkamba wa mashamba ya chumvi ya Gongoni, alipata mjukuu mwaka 1984. Wakamwita Waridi, kwa ua la mlangoni pa jirani yake, Mwanatumu. Kwa desturi ya ukoo wao, bibi ndiye hutaja jina la mtoto siku ya ubatizo, na Jedida aliogopa kuchekwa.

"Shoga, sema: Waridi," Mwanatumu alimfundisha, akisuka ukili wa mkeka.

"Walindi."

"Ulimi umelala huo, uamshe! Waridi."

"Walindi! Nawe mbona mume wangu Musyoka wamwita Mshoka?"

"Si huitika?"

"Huitika, maskini. Afanyeje?"

Wakacheka hadi ukili ukaanguka.

Jumapili, mbele ya kanisa zima, Jedida akatamka, "Walindi." Vijana wakabana vicheko. Mungu, asiyebagua lafudhi, akampokea mtoto.

Miaka michache baadaye Jedida akaitwa na Mola wake. Siku ya mazishi mjukuu alijificha bandani, na kila aliyemwita Waridi hakujibiwa. Ndipo Mwanatumu, aliyejivunia Kiswahili chake, akafuta machozi kwa ncha ya leso, akaita kwa upole:

"Walindi!"

"Abee, bibi."