Mtungi Uliofunikwa Blanketi

Tulikuwa jikoni kwetu Masieda: mama, shangazi Paskalina dada wa baba, na mimi. Nilikumbuka hayo juzi, mjukuu wangu Emanueli alipoweka simu karibu na kompyuta apime kelele za feni yake. "Bibi, usipumue, inasikia!"

Mama naye alipima hivyo, sikio kwenye mtungi wa pombe. "Bado kimya," alisema. Shangazi akaanza kulia, maana wazee wa mchumba wake walikuwa wanakuja kesho yake, na pombe ya kuwapokea ilikuwa haijaanza kuchacha. Mimi, mtoto mdogo, nilidhani ndani kuna mtu anasikia baridi, nikamfunika blanketi la baba. Kumbe joto ndilo huivisha pombe! Jioni mtungi ulivuma, povu likalowesha blanketi.

"Mwanangu, umeniozesha!" alishangilia shangazi.

Kama blanketi lilikuwa la mama, anayekumbuka anisahihishe. Ila aliyelala akinuka pombe ni baba.