Mstari Alioubandika Nikiwa Wodini

Nilikuwa bado wodini, mtoto ana siku moja, wakati mume wangu aliponipigia simu kuniambia kompyuta ya saiba imeacha kuleta kelele. "Si nimesort," akasema. Nilimwambia asante. Mpaka leo naijutia hiyo asante.

Saiba, hilo duka la kompyuta, ilikuwa yangu. Chumba kimoja mtaani Gatongora, kompyuta chache za Linux, printa na skana. Sikusomea kompyuta popote. Nilimaliza Form Four, nikaajiriwa kwenye saiba ya mtu Thika, nikajifunza kwa sababu wateja walikuwa wananiuliza na sikutaka kuonekana mjinga. Siku hizi hakuna anayekuja saiba kuangalia mtandao, kila mtu ana simu. Watu huja na makaratasi: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua ya shule. Unaskani, unatuma, unaprinti. Mtu anakupa maisha yake yote kwenye bahasha ya kaki na hata hakuangalii machoni, kwa sababu anakuamini.

Programu za Linux hutoka kwenye ghala la mtandaoni ambalo sisi huliita repo. Repo kubwa ni ya wenye mfumo wenyewe. Lakini skana yangu ilikuwa ya zamani na programu yake haikuwa humo, kwa hivyo nilikuwa natumia repo ndogo ya fundi mmoja wa Thika, yule aliyetuwekea mashine watu wengi wa saiba. Kila alichoweka humo alikitia saini, na kompyuta yangu ilikuwa na ufunguo wa kukagua hiyo saini. Saini isipolingana, kompyuta inakataa mzigo. Alinieleza hivi: hii repo ni ya mtu, na mtu huwezi kujua kesho yuko wapi.

Mimba ikiwa imeshakuwa kubwa, kompyuta ikaanza kutoa maandishi mekundu kila asubuhi. Saini ya repo ya fundi haitambuliki. Nilimpigia, hapatikani. Nikasikia ameenda kufanya kazi Qatar. Skana yenyewe ilikuwa inafanya kazi vizuri na ile programu ya zamani, kwa hivyo nikamwambia mume wangu, ambaye ndiye angekaa dukani nikijifungua: "Hayo maandishi yaache hivyo. Usiguse. Nitamtafuta fundi mwenyewe."

Akagusa. Mume wangu ni mtu ambaye taa ya gari ikiwaka kwenye dashibodi anaifunika na kibandiko. Aliuliza kwenye grupu ya WhatsApp ya watu wa saiba, mtu akamtumia mstari mmoja, akaubandika. Huo mstari unaiambia kompyuta iamini hiyo repo bila kuuliza saini. Basi. Wekundu ukaisha, programu mpya ya skana ikaingia, na mimi huku nikasema asante.

Kulikuwa na mama mmoja mjane aliyeuza mboga mkabala na saiba. Mimi nilimwita mathe, yeye aliniita kairitu, yaani kasichana, hata nilipokuwa na tumbo la miezi minane. Nilipotoka hospitali, yeye ndiye aliyeniletea njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, amezipika na ndizi mpaka zimelainika, akakaa kitandani akiniangalia nikila.

"Kula yote. Maziwa hayatoki kwa maji ya soda."

"Mathe, nimeshiba."

"Umeshiba wewe. Huyu hajashiba."

Wiki hizo hizo mume wangu alimskania mathe kitambulisho, mbele na nyuma, na picha ya pasipoti. Alikuwa anaomba kibanda kwenye soko jipya.

Niliporudi kazini na mtoto mgongoni, nilikuta mathe amezungukwa na watu pale kwa mboga. Bwana na bibi kutoka Thika, wamekuja na pikapu imejaa vitanda na masufuria. Walikuwa wameona tangazo la nyumba ya kupanga mtaa wa Membley, wakatumiwa kitambulisho cha keateka, msimamizi wa nyumba, ili waamini, wakalipa, na walipofika pale getini askari hakumjua mtu kama huyo. Wakamtafuta mwenye kitambulisho mpaka wakampata. Uso ulikuwa wake. Namba ilikuwa yake.

"Mimi Membley naijua kwa kupita tu," mathe akasema. Walimcheka.

Watu kama hao walikuja tena, wengine. Akaanza kuitwa mwizi na watoto wa shule. Wanunuzi wakaanza kuvuka barabara kununua sukuma wiki kwa mwingine. Kisha mwalimu mmoja mteja wangu akaniambia kitambulisho chake pia kinazunguka, naye alikiskani kwangu. Wote wawili walikuwa wamepita kwenye skana yangu.

Nilifungua faili la repo nikauona huo mstari. Nikamtafuta fundi mpaka nikampata kupitia dada yake.

"Hiyo site mimi niliiacha," akasema. "Sikulipia jina la site tena. Kwani bado kuna mtu anatoa vitu hapo?"

Sisi tulikuwa tunatoa. Jina lilikuwa limechukuliwa na watu wasiojulikana, na programu waliyoweka ilikuwa inaskani vizuri sana, na ilikuwa inawatumia nakala ya kila karatasi.

Mume wangu alisikiliza huku akila.

"Wewe funga hiyo repo, weka mashine upya, nyamaza," akasema. "Ukisema ni sisi, nani ataleta karatasi hapa tena?"

"Na mathe?"

"Mathe ni mtu mzima. Itapita."

"Nilikwambia usiguse."

"Na ukaniambia asante."

Sikulala naye chumba kimoja usiku huo, na sitaandika nilichomwambia kwa sababu mtoto wetu atajua kusoma siku moja.

Asubuhi nilikwenda na mathe kwa chifu, na lile faili nimeliprinti, na mwalimu akaja pia. Nikasema mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni kwamba vitambulisho vimetoka kwenye mashine yangu, kwamba huyu mama hajawahi kupangisha mtu nyumba. Chifu aliandika barua. Mathe aliikunja, akaiweka ndani ya leso.

Tulipotoka nje nikaanza kumweleza ni mume wangu aliyebandika, mimi nilikuwa wodini, fundi alikuwa Qatar.

"Kairitu," akasema, "mimi karatasi nilileta kwako. Bwana yako simjui."

Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana.

Kompyuta nilizifuta zote. Sasa ni repo kuu peke yake, na skana mpya ambayo programu yake iko humo. Hakuna mtu wa kuniambia amesort, maana mume wangu yuko kwao Mugutha na ninamwacha akae huko. Wateja wengine walirudi. Mwalimu alirudi.

Mathe alionyesha ile barua kwa yeyote aliyetaka kuiona, lakini anayenunua sukuma haombi barua, anaamini alichosikia. Alivumilia, kisha akahamia Thika kwa binti yake. Siku aliyokuwa akibeba meza yake nilivuka barabara kumsaidia, akaniachia upande mmoja nishike. Tuliibeba mpaka kwenye pikapu ya kukodi. Akamwangalia mtoto mgongoni, akamfunika mguu uliokuwa umetoka nje ya shuka, akapanda.