Nduma za Wifi

Wakati wa Hali ya Hatari tuliondolewa mashambani kwetu Embu, tukarundikwa katika kijiji kimoja kilichozungukwa na handaki. Mimi nilikuwa mjane mwenye watoto wawili. Nilikaa kibanda kimoja na mama, pamoja na wifi yangu, mke wa kaka aliyekuwa kizuizini.

Lango lilifunguliwa saa moja tu kwa siku tukatafute chakula. Aliyetaka zaidi alimwomba homugadi, askari wa mkoloni aliyelinda hapo. Mimi alinifukuza kama mbwa, wifi alimsikiliza. Basi kila watoto walipolia njaa, mimi ndiye niliyesema, "Nenda wewe, wifi. Wewe anakusikia." Nilijua alichokuwa akimdai, nisijifanye sikujua. Wifi alirudi na nduma, nami nikazimenya. Wanasema mwenye njaa hana miiko, ila miiko iliyovunjwa haikuwa yangu. Mimi nilikuwa nikila tu.

Aliposhika mimba nilimpeleka mwenyewe kwa mama mmoja aliyejua kuzitoa. Tulilia pamoja. Kabla ya mwaka kuisha akashika nyingine, na safari hii nilimkasirikia. Nikamwambia, "Ya kwanza ni ajali, wifi. Ya pili ni tabia."

"Lango ni lile lile," alinijibu, "na mtu ni yule yule."

Alikwenda peke yake. Alivuja damu siku nyingi, mama tukamdanganya kuwa ni malaria. Alipopata nafuu, watoto walilia tena, nami nikamtazama. Akachukua kikapu.

Kaka alirudi. Miaka ikapita bila mtoto, mama akaanza kumwita wifi tasa, hata mbele ya majirani. Siku moja kaka aliniuliza kama kuna jambo ninalolijua. Nikasema sijui. Nilijiambia ninamlinda wifi. Uongo mtupu: niliogopa kuulizwa ni nani aliyekuwa akimtuma langoni.

Kaka alipoamua kuoa mwingine, wifi alifunga mizigo yake arudi kwao, upande wa Gachoka. Nilikuwa nimemchemshia nduma za njiani, nikamfungia kwenye jani la mgomba. Alizishika kidogo, kisha akanirudishia.

"Wabakishie watoto, wifi," alisema. "Kwani nilikuwa nikizitafutia nani?"

Nikazipokea. Jioni ile tulizila.