Kaseti ya Spès niliyoificha

Kosa ni langu, na nililifanya nikijua. Kwa miaka mingi nimejidanganya kuwa ni vita. Si vita. Ni mimi.

Mi na Spès tuliimba pamoja toka kwaya ya parokia. Mapigano yalipoanza, alipotezana na mama yake wakikimbia kutoka kwao milimani. Akapanga chumba Buterere, pembezoni mwa mji. Mi nikapata kazi ya kutangaza muziki redioni, lakini harusini bado tuliimba wawili. Halafu siku moja akaniambia amerekodi albamu, yeye peke yake. Nilimpongeza. Moyoni nilichomwa.

Akaniletea kaseti ya kwanza kabisa. "Dada, piga huu wimbo wa tatu. Nimetaja jina la mama na kilima chetu. Akiwa hai, atausikia."

"Nitaupiga," nikamjibu. Kaseti nikaifungia kwenye droo.

Kila wiki alipita kuuliza. "Apana, bado," nikamwambia. "Mukubwa wa redio hajaruhusu." Uongo. Mkubwa hata hakujua kuna kaseti.

Baada ya miezi miwili, redio nyingine ikapata nakala, ikaupiga wimbo. Jamani, mji mzima uliushika. Sokoni Jabe kila kibanda kilikuwa Spès, mtaa wa matajiri Kinindo, kwenye magari ya watu wa mashirika ya misaada, Spès. Askari wa barrière, vile vizuizi vya barabarani, waliuimba, na waliokuwa wakiwaogopa nao waliuimba. Kaseti ziliisha, zikatolewa nyingine, nazo zikaisha.

Barabara ya mikoani ilipofunguliwa tena, akaja mama mmoja kutoka kambi ya waliokimbia vita, akimtafuta mwenye wimbo. Alitukuta pamoja.

"Mama yako tulikaa naye hema moja," akamwambia Spès. "Homa ilimuchukua, wiki moja tu mbele ya wimbo wako kutoka. Kila jioni alimusikiliza rafiki yako akitangaza redioni. Alisema, huyu ndiye atanipa habari za mutoto wangu."

 Spès akanishika mkono. "Asante, dada. Angalau alisikia sauti yako."

Habari ya droo sikumwambia. Baadaye akahamia ng'ambo, na bado ananiandikia barua akiniita ndugu yake. Sijawahi kuzijibu.

Wewe unayesoma, kama kitu cha mwenzako kiko mkononi mwako na wivu unakuambia ngoja kidogo, kitoe leo. Mi nilidhani namchelewesha Spès tu. Sikumfikiria mama aliyekuwa akinisikiliza.