Sahihi Yangu Ilimpotezea Dada Minazi Yake

Kosa ni langu. Miaka mingi nimewaachia wengine walibebe, na leo nalitua mbele yenu.

Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Bagamoyo. Nimesomesha Kurani watu, kisha watoto wao. Kwa herufi za Kiarabu mwandiko wangu watu huja kuutazama. Lakini herufi za Kizungu, siku zile Mwingereza alipokuwa bado mgeni, sikujua hata moja. Na sikutaka mtu ajue!

Dada yangu alipofiwa na mumewe, shemeji yake alimnyang'anya shamba la minazi la Kaole. Shamba lile lilikuwa mahari yake! Liwali akampa shemeji ushindi bila kuwasikiliza mashahidi wetu wawili. Dada akanifanya wakili wake, nikakata rufaa Mahakama Kuu, Dar es Salaam.

Barua zote za kesi aliniandikia karani mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani. Mtu wa adabu, hakosi kunibusu mkono.

Alasiri moja akanijia barazani na karatasi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kuna habari gani ya kesi?"

"Hii ni ya kuomba isikilizwe upesi. Nikusomee?"

Wenzangu wa kahawa walikuwa wakitazama. Mmoja akacheka, "Shehe mzima asomewe! Si wewe uliyemfundisha alifu huyu?"

Haya ikanishika. "Lete kalamu," nikasema. "Kati yangu na wewe, nani mwalimu?"

Nikaikodolea macho karatasi, nikatikisa kichwa kama msomaji, nikatia sahihi kwa mwandiko wangu ule mzuri. Kumbe karani alikwisha kuwa mtu wa shemeji!

Mahakamani jaji alisema, mkalimani akifasiri, kwamba si haki mtu kuhukumiwa bila mashahidi wake kusikilizwa. Kwa hilo peke yake kesi ingerudishwa ikaanze upya. Moyo ulinipiga kwa furaha! Kisha akainua karatasi.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu, bwana."

"Basi kwa karatasi hii rufaa umeiondoa mwenyewe. Mahakama haina la kusikiliza."

Nikamgeukia karani, niliyekuja naye. Akainama kana kwamba anatafuta kitu chini. Midomo ile ile iliyokuwa ikinibusu mkono!

Lakini sikilizeni langu. Nilirudi nikamwambia dada, "Jaji amekataa." Basi, hayo tu.

Akasema, "Alhamdulillahi, kaka. Umenihangaikia sana, Mungu akulipe."

Tangu hapo ananunua nazi sokoni, yeye aliyekuwa akiwagawia majirani! Na kila akinishukuru, namsaliti upya. Karani alinisaliti mara moja tu.

Herufi za Kizungu nimejifunza uzeeni, namshukuru Mola. Jambo la kwanza nililolisoma ni nakala ya karatasi ile. Mistari mitatu ya Kiswahili! Angemaliza kunisomea kahawa yangu haijapoa.

Ndugu zangu, hasa nyinyi mnaoitwa walimu na mashehe, mtu akiuliza "Nikusomee?" mwitikieni. Kisha mwiteni na mwingine aisome tena. Wacha barazani wacheke!

Dada yangu yu hai. Haya nitamsomea yeye kwanza, neno kwa neno, ndipo niyatie posta. Mkiyaona gazetini, jueni amekwisha kuyasikia kwa kinywa changu.