Smilja na Dizeli Iliyokorogwa

Smilja hakuumbwa kunyenyekea, na kijiji kizima nje ya mji wa Kikinda kinalijua hilo. Alipofiwa na mumewe, wakwe walimtaka atulie jikoni. Yeye akaenda kwenye kiwanda kidogo cha ushirika kinachogeuza mafuta ya alizeti yaliyokwisha kukaangiwa kuwa dizeli, akachukua kazi ya kuiosha dizeli hiyo. Dizeli ile ikishapikwa hubaki na masalio ya sabuni na gliserini. Kwa macho huyaoni, lakini yakifika kwenye chujio la injini, gari linazima. Dawa yake ni kunyunyizia maji kwa juu, taratibu, yashuke na uchafu wake, kisha ungoje. Kungoja ndiko kulikomshinda shemeji yake Gojko, mwenyekiti wa ushirika.

Asubuhi moja ya baridi kali, Gojko aliona maji yanachelewa kushuka. Kwao jamu ya plamu haiachwi bila kukorogwa, ukipumzika tu inaungua. Basi akatwaa mwiko mrefu wa jamu, akakoroga dizeli kwa nguvu zake zote. Smilja alipoingia, pipa zima lilikuwa jeupe, maji na dizeli vimeshikana.

“Hongera, shemeji. Umetupikia mtindi.”

“Itatulia njiani. Basi la shule linangoja, fungua bomba.”

“Sifungui.”

“Mimi ni kaka wa marehemu mumeo!”

“Ndiyo maana nakujibu kwa adabu. Basi likizima katikati ya mashamba na barafu hii, nani atawabeba watoto? Wewe, na kiuno chako hicho?”

Wakulima waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko. Gojko akaiva uso. “Nitakufukuza!”

“Nifukuze. Ila tuanze na gari lako.”

Akachota ndoo ya dizeli ile nyeupe, akatoka nayo hadi kwenye gari jipya la Gojko. Gojko alimpita mbio, akaziba mdomo wa tangi kwa viganja vyote viwili. Kicheko kikakatika.

“Kumbe unajua,” Smilja akasema.

“Kesho usikanyage hapa!”

Basi la shule likaenda kwa dizeli ya kununua. Kesho yake Smilja aliwahi kuliko wote, akapasha pipa moto, akatia maji ya chumvi ili ule weupe ujitenge, akaketi kufuma soksi. Gojko akasimama kizingitini.

“Si nilikwambia usije?”

“Nilisikia. Funga mlango, baridi inaingia.”

Akaufunga.